Kutoka motaboti hadi eka tatu: Maisha ya Mzee Karume na somo lake kwa mkulima

UKITOKA Mjini Unguja ukaelekea kusini kwa njia ya Mazizini na Mbweni, unafika Chukwani, kijiji cha pwani kilicho jirani na uwanja wa ndege. Huko ndiko Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikojenga moja ya makasri yake ya kupumzikia. Siku hizi Chukwani ndipo ulipo ukumbi wa Baraza la Wawakilishi, ambamo hupitishwa bajeti ya Serikali ya Mapinduzi na hujadiliwa masuala ya karafuu, mwani, ardhi na kodi za wafanyabiashara.

Kati ya zama za kasri na zama za ukumbi huo kuna jina moja ambalo kila mkulima wa Unguja na Pemba analijua: Hayati Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar. Ndiye aliyeondoa ardhi mikononi mwa wenye mashamba makubwa na kuwagawia waliokuwa wakiilima. Lakini katika miaka yote minane ya utawala wake, Zanzibar haikuwa na baraza lolote lililochaguliwa na wananchi.

Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, maisha ya Mzee Karume yana faida zaidi ya historia ya siasa. Yanaonyesha tofauti iliyopo kati ya kupewa mali na kupewa uamuzi juu ya mali hiyo. Tofauti hiyo ndiyo inayoua au kujenga vyama vingi vya ushirika hadi leo.

Kijana wa Mwera

Kwa mujibu wa taarifa rasmi, Abeid Amani Karume alizaliwa mwaka 1905 katika eneo la Mwera, Unguja. Ilikuwa miaka minane tu tangu amri ya 1897 iliyofuta hadhi ya utumwa kisheria katika visiwa hivi. Masomo yake ya skuli yalikuwa machache. Kama vijana wengi wa shamba wa wakati ule, aliingia mjini kutafuta riziki, na akiwa bado kijana akaajiriwa kuwa baharia katika meli.

Kazi ya ubaharia ilimchukua katika bandari za nchi mbalimbali, na ilimfunza mambo ambayo skuli haikumfunza. Baharia anajua thamani ya mzigo alioubeba, lakini yeye analipwa mshahara tu. Anaona pia kwamba mtu mmoja akilalamika huachwa bandarini, na mahali pake huchukuliwa na mwingine. Wakilalamika wote, meli haiondoki.

Motaboti za bandarini

Mwishoni mwa miaka ya 1930 Karume aliacha safari za mbali, akarudi Unguja na kushika kazi katika bandari. Zama zile meli kubwa za abiria zilitia nanga mbali kidogo na nchi kavu, na abiria walichukuliwa kwa vyombo vidogo. Karume alikuwa kiongozi wa umoja wa wenye motaboti waliofanya kazi hiyo ya kupakia na kuteremsha abiria.

Mfanyabiashara mdogo anaweza kuelewa mara moja kwa nini umoja wa aina hiyo una maana. Meli inapotia nanga, vyombo ishirini vikienda kila kimoja kwa nafsi yake, abiria huchagua anayekubali nauli ya chini kabisa. Siku hiyo mmoja anapata kidogo na kumi na tisa wanarudi mikono mitupu. Wakikubaliana juu ya nauli na zamu, kila chombo kinapata sehemu yake na kampuni ya meli inajua ni nani wa kuzungumza naye. Mambo hayo wanayajua leo waendesha daladala, wavuvi wa Malindi na wachukuzi wa Darajani.

Bandari ya Unguja pia ilikuwa mahali ambapo wafanyakazi walijifunza nguvu ya kugoma. Mwaka 1948, kuanzia Agosti hadi Septemba, wachukuzi wa bandarini walisimamisha kazi wakidai nyongeza ya mshahara, na mgomo huo ukaenea hadi kuwa mgomo wa mji mzima. Serikali ya kikoloni iligundua kwamba watu wasio na mali walikuwa na kitu kimoja cha kuzuia, nacho ni jasho lao.

Shamba la mtu, jasho la mwingine

Nje ya mji, uchumi wote uliegemea karafuu na nazi. Zanzibar ndiyo iliyokuwa ikitoa sehemu kubwa ya karafuu zote zilizouzwa duniani. Mashamba makubwa, hasa Unguja, yalikuwa ya wenye nacho. Waliokaa na kulima ndani yake walikuwa wale walioitwa maskwota.

Skwota aliruhusiwa kujenga kibanda na kupanda muhogo, viazi na mboga kati ya mikarafuu. Badala yake, alipalilia na kuweka shamba safi. Kitu kimoja hakuruhusiwa: kupanda mti wa kudumu. Katika desturi ya Zanzibar mwenye mti ana haki ya mti wake hata kama ardhi ni ya mwingine, na kwa hivyo skwota aliyepanda mnazi angekuwa ameota mizizi. Alikuwa na mavuno ya msimu, lakini hakuwa na kesho.

Haifai kudhani kwamba mwenye shamba naye alikuwa na raha wakati wote. Wengi walikuwa na madeni makubwa kwa wakopeshaji na wafanyabiashara wa mjini, na bei ya karafuu ilipoanguka miaka ya 1930 mashamba yalianza kuingia mikononi mwa wadai. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria za kuzuia jambo hilo, na ikakipa nguvu Chama cha Wakulima wa Karafuu. Ilipotaka kukipa chama hicho ukiritimba wa kununua karafuu mwaka 1937, wafanyabiashara wa Kihindi waligoma, na wenzao wa India wakasusia karafuu za Zanzibar mpaka ikafikiwa suluhu mwaka 1938.

Chama hicho kilibeba jina la wakulima, lakini kiliundwa na kuongozwa na serikali. Hapa ndipo pa kulinganisha na Kilimanjaro. Kule wakulima wa kahawa walianzisha umoja wao katika miaka ya 1920, na mwaka 1933 ukazaliwa muungano wa vyama vya msingi, KNCU, ambao pamoja na kubanwa na sheria za wakoloni ulikuwa na wanachama, mikutano na viongozi wa kuulizwa. Mkulima wa karafuu hakuwahi kuwa na chombo kama hicho kilichotoka chini.

Hata karibu na Chukwani dhuluma ya ardhi ilionekana. Mwaka 1951 wakulima wa Kiembesamaki, ambao ardhi yao ilichukuliwa kwa ajili ya kupanua uwanja wa ndege, walikataa kupeleka ng'ombe wao kuchanjwa kwa amri ya serikali. Walikamatwa na kuhukumiwa, wananchi wakajaribu kuwatoa, polisi wakapiga risasi na watu wakafa. Tukio hilo linakumbukwa kama Vita vya Ng'ombe. Kutokana nalo wakulima hao walianzisha chama cha siasa, ambacho baadaye kilikua na kuwa Zanzibar Nationalist Party, yaani Hizbu. Chama hicho, kilichokuja kuwa mpinzani mkubwa wa Karume, nacho kilianzia kwa wakulima walionyang'anywa ardhi.

Siasa zinaingia dukani

Karume alikuwa katika Jumuiya ya Waafrika, iliyoanzishwa mwaka 1934, akapanda hadi kuwa rais wake. Tarehe 5 Februari 1957 jumuiya hiyo iliungana na wenzao wa Jumuiya ya Washirazi, na ukazaliwa umoja ambao baadaye ulijulikana kama Afro-Shirazi Party, ASP. Karume alikuwa rais, na Sheikh Thabit Kombo akawa katibu mkuu.

Mwezi Julai mwaka huo ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa viti sita vya Baraza la Kutunga Sheria. Karume alisimama Ng'ambo, mtaa wa wachukuzi, mafundi na wauza mboga, na akamshinda Sheikh Ali Muhsin Barwani wa Hizbu kwa kura nyingi.

Matokeo yake yaliingia hadi shambani. Baadhi ya wenye mashamba waliwafukuza maskwota waliojulikana kuwa wafuasi wa ASP. Wafuasi wa ASP nao walisusia maduka ya wapinzani wao na kujaribu kufungua maduka ya ushirika. Ajira bandarini zikafuata vyama. Kununua sukari kukawa ni kupiga kura. Watu waliokuwa wakikopeshana unga na kuzikana walianza kutengana, na biashara ndogo ndizo zilizoumia mwanzo.

Chaguzi mbili za 1961 hazikutoa mshindi wa wazi, na ule wa Juni ulifuatwa na ghasia zilizoua watu 68. Julai 1963 ASP ilipata kiasi cha asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31, kwa sababu ya namna majimbo yalivyokatwa. Hizbu na mshirika wake, ZPPP, wakaunda serikali. Uhuru ulipopatikana tarehe 10 Desemba 1963, zaidi ya nusu ya wapiga kura walihisi wamebaki nje ya mlango.

Januari 12, 1964 serikali hiyo ilipinduliwa. John Okello ndiye aliyesikika redioni siku za mwanzo, lakini aliyekuwa Rais ni Karume. Mapinduzi hayo yalifungua njia kwa maskini wa shamba, na pia yalimwaga damu. Maelfu ya watu waliuawa, wengi wao wakiwa Waarabu, na wengine wengi walikimbia nchi wakiacha nyumba, maduka na mashamba. Hesabu ya haki ya uchumi Zanzibar haikamiliki bila kutaja pande zote mbili.

Eka tatu tatu

Machi 8, 1964 Karume alitangaza kwamba ardhi yote ni mali ya serikali. Aprili 26 mwaka huo Zanzibar na Tanganyika ziliungana, na yeye akawa pia Makamu wa Kwanza wa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Elimu bila ya malipo ilitangazwa Septemba 1964 na matibabu bila ya malipo mwaka 1965. Mwaka 1966 ikaanzishwa Benki ya Watu wa Zanzibar.

Tarehe 11 Novemba 1965, katika kijiji cha Dole, ulianza ugawaji wa eka tatu tatu. Mashamba yaliyotaifishwa yalikatwa vipande, na familia zikapewa eka tatu pamoja na mikarafuu na minazi iliyokuwamo. Hadi zoezi hilo lilipokwisha mwanzoni mwa miaka ya 1970, vipande zaidi ya 20,000 vilikuwa vimegawiwa.

Kwa aliyekuwa skwota, lilikuwa badiliko kubwa mno. Hakuna tena wa kumwambia ahame kwa sababu ya kura yake. Mti aliokatazwa kuupanda sasa alikuwa akiuchuma. Ukitembea Dole, Kizimbani au Mwera utakutana na familia ambazo kila kitu walichonacho, kuanzia nyumba hadi ada ya mtoto, kilianzia katika eka hizo.

Lakini mkulima hakupewa umiliki kamili. Alipewa haki ya kutumia. Hakuruhusiwa kuuza, na kwa kuwa haiuziki, haikuweza kuwekwa rehani benki. Sharti hilo lilikuwa na hekima yake, kwani bila hilo eka nyingi zingerudi kwa wenye fedha ndani ya miaka michache, kama ilivyotokea kwa madeni ya miaka ya 1930. Gharama yake ni kwamba mkulima alibaki na shamba bila mtaji wa kung'oa mikarafuu iliyozeeka na kupanda mipya.

Karafuu ya nani?

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa sokoni. Mkulima wa eka tatu alikuwa na mnunuzi mmoja tu wa karafuu zake, naye ni serikali, kupitia shirika la biashara la taifa, ZSTC, lililorithi kazi ya kile chama cha kikoloni. Bei ilipangwa juu, na mchumaji aliisikia ikitangazwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 bei ya karafuu duniani ilipanda sana, hasa kwa sababu ya Indonesia, ambako karafuu hutiwa katika sigara zinazoitwa kretek. Zanzibar ilikusanya akiba kubwa ya fedha za kigeni. Sehemu ya fedha hizo ilionekana kwa macho: skuli, hospitali, nyumba za bure za wazee, na majumba ya ghorofa ya Michenzani. Hata hivyo, aliyepanda mti na kuchuma alipata sehemu ndogo ya bei hiyo. Wakati akiba ikikua, bidhaa za nje zilipunguzwa, mchele ukagawiwa kwa kipimo, na watu wakapanga foleni.

Walioumia zaidi walikuwa wakulima wa Pemba. Kisiwa hicho ndicho kinachotoa karafuu nyingi, na huko wakulima wengi wadogo walikuwa na miti yao wenyewe hata kabla ya Mapinduzi. Kwao eka tatu hazikuwa jambo kubwa, lakini bei ndogo ilikuwa mzigo wa kila msimu. Haishangazi kwamba magendo ya karafuu kwenda Mombasa yalishamiri pamoja na adhabu kali. Mkulima anaposhindwa kusema katika mkutano, husema kwa jahazi usiku.

Wafanyabiashara wadogo nao walibanwa. Uingizaji wa bidhaa na biashara kubwa vilishikwa na serikali, na milango haikufunguliwa tena mpaka mwaka 1984, zama za Rais Ali Hassan Mwinyi.

Baraza bila wachaguzi

Kwa nini mtu aliyetoka katika umoja wa mabaharia na wenye motaboti hakujenga vyombo vya wafanyakazi na wakulima vyenye sauti yao? Baada ya Mapinduzi vyama vya siasa vingine vilipigwa marufuku. Vyama vya wafanyakazi, vilivyokuwa na nguvu bandarini, viliwekwa chini ya ASP, na migomo haikuruhusiwa. Hoja ilikuwa kwamba serikali sasa ni ya wakulima na wafanyakazi wenyewe, kwa hivyo hawana wa kumgomea.

Baraza la Mapinduzi likawa linatunga sheria na kuzisimamia pia. Uchaguzi haukufanyika. Waliopinga waliwekwa kizuizini, na baadhi ya wenzake wa zamani, akiwemo Abdulla Kassim Hanga aliyekuwa mmoja wa viongozi wakuu wa mwanzo, hawakurudi kwao wakiwa hai.

Jioni ya Aprili 7, 1972 Mzee Karume alipigwa risasi na kuuawa akiwa katika makao makuu ya ASP, Kisiwandui, mahali alipozoea kukaa na wenzake kwa mazungumzo na mchezo wa bao. Alizikwa hapo hapo, na kila mwaka tarehe hiyo huadhimishwa kitaifa. Nafasi yake ilichukuliwa na Mzee Aboud Jumbe. Katika zama za Jumbe, ilipatikana Katiba ya Zanzibar ya 1979, na mwaka 1980 likaanza Baraza la Wawakilishi, lile ambalo sasa linakutana Chukwani.

Kilichofuata

Bei ya karafuu duniani ilianguka miaka ya 1980, Indonesia ilipoanza kuvuna mikarafuu yake ya kutosha. Mikarafuu mingi ya Unguja na Pemba ilikuwa imezeeka, na wengi hawakuona sababu ya kupanda mipya kwa bei isiyolipa. Ilipofika 2011 Serikali ilipandisha sana bei ya kununulia na kuahidi kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Magendo yalipungua, na watu wakaomba miche. Bei peke yake ilifanya kazi ambayo adhabu za miaka mingi hazikuifanya.

Eka tatu nazo zimekatika. Eka zilizotosha baba mmoja mwaka 1965 sasa zinadaiwa na wajukuu kumi, na karibu na mji nyingi zimegeuka viwanja vya nyumba. Sheria ya ardhi ya 1992 imeendelea kuihesabu ardhi yote kuwa ya umma, huku haki ya matumizi ikilindwa kisheria. Kwa hivyo familia yenye eka tatu isiyoandikisha haki yake inaacha ugomvi kwa watoto.

Somo liko wazi hata nje ya karafuu. Wanawake wa Paje, Jambiani na Bwejuu walioanza kulima mwani mwaka 1989 wanamiliki kamba na vigingi, na jasho ni lao. Lakini anayeleta mbegu, anayepima mizani na anayetaja bei akiwa ni mtu mmoja, hali yao haina tofauti kubwa na ya mchumaji karafuu wa 1970. Haisaidii kwamba mnunuzi ni kampuni badala ya serikali.

Kwa hivyo kikundi chochote, kiwe cha mwani, cha SACCOS, cha wavuvi au cha wauza mboga, kinafaa kijiulize mambo machache kabla ya kugawana faida. Mkutano mkuu unaitishwa lini, na je, unaweza kumwondoa mwenyekiti? Nani anaona daftari la hesabu? Bei inapangwa na nani, na mwanachama anaijua kabla ya kuvuna au baada ya kupima? Kila mwanachama ana kura moja, au mwenye hisa nyingi ndiye anayesikika? Tanzania Bara ilijifunza hayo kwa hasara mwaka 1976, serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika na kuweka mamlaka za mazao. Ilibidi virudishwe miaka michache baadaye, vikiwa dhaifu.

Mzee Karume alijibu nusu ya suala la haki ya uchumi, na nusu hiyo si ndogo. Aliamua kwamba anayelima awe na mahali pa kulima. Nusu ya pili, kwamba anayelima awe na neno katika mizani, bei na hesabu, haikugawiwa pale Dole pamoja na eka. Hiyo haigawiwi na Rais wala na ukumbi wa Chukwani peke yake. Inaanza siku wanachama watakapodai kusomewa daftari.